Pesa ya sakafu, na habari ya kupe

Freiburg, Ujerumani
Juni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Na Bibi mpe shikamoo yangu, mwambie mjukuu wake mzima, anakula vizuri, tena anaanza kunenepa. Barua hii anakuja nayo Dada Rehema, atapita hapo Mtama kabla hajaenda kwao Newala. Nimeandika kwa makusudi. Sauti ninazotuma kwenye simu Kaka Hashimu anazisikiliza yeye kwanza, halafu anakuhadithia zile sehemu zinazomfaa. Hii aisome Tatu, kwa sauti, na Kaka Hashimu awepo.

Ujumbe wake nimeupata. Anataka hela ya salfa ya mikorosho na hela ya dawa ya kuogesha ng'ombe, zote kwa mpigo, na chini kaandika “haraka”. Salfa sina neno, ubwiri unga haumngoji mtu, nitatuma wiki hii. Ila ng'ombe! Mama, wale ng'ombe ni sakafu ya Bibi. Mwaka jana nilituma hela ya saruji, mchanga na fundi, nikataja mpaka chumba cha kuanzia. Kaka akaenda nayo Kilwa akarudi na mitamba miwili na ndama. Nilipouliza, akajibu kwamba ng'ombe anazaa, sakafu haizai. Kundi zima la familia likacheka, Mjomba Chitanda naye akacheka. Sasa ndama amekufa, mtamba mmoja amevimba tezi chini ya sikio, na anayetafutwa ni mimi niliye mbali.

Na huyo huyo kaka ndiye aliyeandika kwamba nimekuja Ulaya “kuchambua kupe watoto wa Kizungu”. Nilinyamaza. Leo najibu: ndiyo, natoa kupe, tena nalipwa. Mwezi uliopita nimefaulu mtihani wa serikali wa ualimu wa watoto wadogo, nimepata alama 1, na huku 1 ndiyo ya juu, sawa na divisheni wani yetu. Cheti kina mhuri. Mwambie Bibi picha anayo Rehema, aitundike pale penye kalenda.

Chekechea yangu haina kuta. Watoto wanashinda msituni mwaka mzima, mvua isimame isisimame, wana kibanda kidogo tu cha kuotea moto. Nyie mnaona ni mateso, mimi mwanzo niliona hivyo hivyo. Lakini wazazi wanalipia, na orodha ya wanaongoja nafasi ni ndefu. Majani yakianza kuchipua, kupe nao wanaamka, kwa hiyo kila siku kabla ya kurudi nyumbani tunawakagua watoto mmoja mmoja. Mwezi wa tatu kulikuwa na mkutano wa wazazi, na mkuu wetu akasema mimi ndiye nitakayeeleza habari ya kupe. Mama, ungeniona! Mtoto wa Mtama nimesimama mbele ya Wajerumani, madaktari wawili wamo, nawaeleza kwa Kijerumani, na wanaandika.

Niliwaambia hivi. Kupe haruki, wala haanguki kutoka juu ya mti kama watu wanavyodhani. Anapanda kwenye ncha ya jani, usawa wa kifundo au goti, ananyoosha miguu ya mbele na kungoja. Anasikia pumzi na joto lako, ukipita ukamgusa anadandia. Ndiyo maana tunatembea katikati ya njia, hatujipitishi kwenye majani marefu. Mtoto anavaa suruali ndefu ya rangi nyeupe au ya maziwa ili mdudu aonekane, na pindo linaingizwa ndani ya soksi. Ngozi iliyo wazi inapakwa dawa ya kufukuza wadudu. Wanaofanya kazi ya misitu wanavaa nguo zilizotiwa pamethrini, jamaa wa ile dawa ya vyandarua vya huko. Kupe wachanga wana milimita 1 au 2 tu, unaweza kudhani ni doa. Kwa watoto wanapenda kichwani, kwenye mstari wa nywele na nyuma ya masikio, halafu makwapani, kinenani, kitovuni, nyuma ya magoti. Nguo zikirudi nyumbani zinaingia kwenye mashine ya kukausha yenye joto kali, kwa sababu kupe maji anayavumilia, ukavu na joto ndivyo vinavyomuua.

Akishauma, unachukua kibano chenye ncha nyembamba, unamshika karibu kabisa na ngozi, unamvuta taratibu na moja kwa moja. Humpaki mafuta, humchomi. Mjomba Chitanda na ile sigara yake aache kabisa! Kupe ukimsumbua kwa moto au mafuta ya taa anatapika mate yake ndani ya mtu, na ugonjwa umo humo. Ukishamtoa, safisha, weka alama ya kalamu pale alipouma, uangalie wiki kadhaa. Huku kuna ugonjwa wa laimu, unaanza na duara jekundu linalopanuka kwenye ngozi, mara nyingi ndani ya mwezi wa kwanza, na ukiachwa unaingia kwenye viungo na mishipa ya fahamu. Dawa yake ni antibiotiki. Heri yake ni kwamba vijidudu vyake vinakaa tumboni mwa kupe na vinahitaji saa nyingi kuvuka, kwa hiyo anayekagua kila siku anawahi. Kuna na kirusi kinachoshambulia ubongo, hicho kiko kwenye mate, kinaingia mara moja. Chanjo yake ipo, sindano tatu, nimezimaliza.

Sasa sikilizeni kwa nini nawapigia kelele za sakafu.

Nilipokuwa nasomea mtihani nilikuta kwamba kijidudu cha laimu na kile cha homa ya papasi ni ndugu, ukoo mmoja. Robert Koch, yule daktari wa Kijerumani, alikuja huko kwetu mwaka 1905 kuichunguza homa hiyo, na karibu wakati ule ule Mwingereza Dutton alikuwa anaichunguza Kongo, ikamuua. Kijidudu kikapewa jina la Dutton. Papasi naye ni kupe, ila yeye hakungoji porini. Anakaa kwenye nyufa za sakafu ya udongo na chini ya kuta, anatoka usiku mmelala, anakunywa damu nusu saa, anarudi ufani. Asubuhi hata ukimkagua mtu kichwani mpaka unyayoni humwoni. Anaweza kukaa miaka bila kula. Na ugonjwa anaupitisha muda mfupi tu baada ya kuuma. Kwa huyo kibano hakisaidii kitu, anazuiwa kwa sakafu ngumu, kuta zilizokandikwa bila nyufa, kitanda kilichoinuka kikaachana na ukuta, na chandarua kilichochomekwa vizuri. Kulala kwenye mkeka chini, sasa basi.

Bibi zile homa zake zinazokuja siku tatu, zinaachia, wiki ikipita zinarudi, kila mara mnampima malaria kwa kile kipimo cha tone la kidole, kinasema hakuna, mnampa panadoli. Kipimo hicho hakiwezi kuona homa ya papasi. Mpelekeni Nyangao akiwa na homa, homa yenyewe ikiwa juu, muombe damu iangaliwe kwa darubini, na mumwambie daktari kwamba nyumba ni ya udongo. Na wifi yangu Mwanahawa ana mimba na analala nyumba ile ile. Homa hii kwa mjamzito inaweza kutoa mimba, Mama. Hashimu alisikie hilo vizuri. Mtoto ni wake.

Ng'ombe nao siwatupi, hawakujileta. Tezi zikivimba chini ya sikio na homa ikapanda, hiyo ni ndigana kali, ugonjwa wa kupe, na kuogesha peke yake hakutamponya. Amwite bwana mifugo leo, sindano yake ni ghali na inafaa ikiwahiwa. Huyo mmoja nitamlipia. Mwenzake aogeshwe kila wiki, dawa ipimwe kama karatasi inavyosema, Kaka asiipunguze kwa ubahili, maana kupe wanaizoea. Dawa ifike ndani ya masikio, kupe wa ndigana anapenda sikio kuliko mahali pengine popote. Dawa ile watoto wasiiguse, na nisisikie mtu kaipaka kichwani kuua chawa.

Rajabu na Tatu nasikia ndio wachungaji siku hizi. Soksi najua hawana, basi wafunge pindo za suruali kwa kamba, na jioni wavue nguo nje, wakaguane, waoge. Hata wakienda kuchimba ming'oko. Ndigana haimpati binadamu, lakini kupe wa ng'ombe wana homa yao nyingine: mtu anaumwa kichwa na mwili wote, na pale alipoumwa panabaki kidonda chenye gaga jeusi. Mkiona hilo, mwonyesheni daktari kidonda chenyewe.

Ming'oko! Nimeiandika na mate yamenijaa. Huku viazi viko vya kila namna na havina ladha. Baridi nimeizoea, usiniulize. Kinachonikera ni Jumapili, mji mzima unafungwa, hupati hata mtu wa kubishana naye. Msimu wa mabibo nafumba macho nasikia harufu yake mpaka puani.

Aprili tulikwenda Berlin, nikamwona mjusi wetu wa Tendaguru, yule dinosaria. Wamemsimamisha kwenye ukumbi wa makumbusho, kichwa kiko zaidi ya mita 13 juu. Wamemchimba hapo hapo Lindi, 1909 mpaka 1913, na vibarua, babu zetu, waliibeba mifupa vichwani hadi bandarini. Nikawaambia wenzangu huyu ni wa kwetu, nikataka kupigwa picha naye kama mwenyeji. Mlinzi akaniangalia. Nikamwangalia.

Kuhusu hela. Ya sakafu ya mara hii haipiti kwa Kaka Hashimu. Saruji inatoka hapo Mtwara, haina sababu ya kuchelewa. Mjomba Chitanda, kwa kuwa alicheka sana, ndiye atakayekwenda kununua na kuleta risiti, na wewe Mama utahesabu mifuko ikiteremshwa. Fundi nitamlipa mimi mwenyewe kwa simu, nusu akianza, nusu nikiona picha ya chumba cha Bibi na cha Mwanahawa. Kaka akitaka kurudisha ile ya mwanzo, yule mtamba aliye mzima auzwe mnada wa korosho ukifunguliwa, wakati watu wana hela. Akikasirika aandike barua, mimi ni dada yake, nitamjibu kwa heshima.

Rehema ana vibano viwili, kimoja cha nyumbani kwako, kimoja kwa watoto, na viatu vya Tatu. Fundi anipigie jioni, au Jumapili wakati wowote. Mchana niko msituni na mtandao unakata.

Mwanao,
Zuhura