Shukrani kwa mama wa Korogwe

Mama uliyenifuata stendi ya Korogwe na kitabu changu kwapani, hukunitajia jina, nami kwa kupigwa na butwaa sikuuliza. Nilikuwa nimeandika habari za babu, manamba, yaani kibarua wa mkataba, aliyetoka Kigoma kuja kukata mkonge Tanga, ila sura ya maisha ya kambini ilikuwa fupi mno. Ukafungua kitambaa, ukanionyesha kipande, ile kadi ya kazi ya manamba, cha marehemu baba yako: nafasi 30 za siku za kazi, nyingine zimetiwa alama, nyingine tupu. “Siku aliyougua haikuhesabiwa,” ukasema. Babu hakuwahi kutusimulia hilo. Sura ile nimeiandika upya, na baba yako yumo. Asante sana, mama. Ukiyasoma haya, nitafute. Nakala yako nimeiweka.