Vichwa vya treni vya haidroliki havikushindwa kila mahali

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nisahihishe jambo lililoandikwa na msomaji mwenzangu katika mjadala wa reli ya kusini, ile inayokusudiwa kutoka hapa Mtwara hadi Mbamba Bay. Alieleza kwamba kila kichwa cha treni cha dizeli ni jenereta juu ya magurudumu, na kwamba vile vya haidroliki, yaani vinavyopitisha nguvu ya injini hadi kwenye magurudumu kwa mafuta badala ya umeme, vilikuwa jaribio la Wachina lililokwama TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. La kwanza si kweli, na la pili ni nusu ya kweli.

Injini ya dizeli haiwezi kuanza kuvuta mzigo ikiwa imesimama. Ni lazima iwe inazunguka kwanza, kwa hiyo panahitajika kitu cha kuiunganisha na magurudumu taratibu. Lori hutumia klachi na gia, lakini klachi ya namna hiyo ingeungua mara moja mbele ya treni yenye uzito wa mamia ya tani. Njia moja, ya dizeli na umeme, ni injini kuzungusha jenereta, na umeme wake kuendesha mota zilizo kwenye ekseli. Njia ya pili, ndiyo haidroliki, ilitokana na Mjerumani Hermann Föttinger, aliyepata hataza mwaka 1905 kwa chombo alichokibuni kwa ajili ya meli, ambamo pangaboi linalozungushwa na injini huyarusha mafuta kwa nguvu kwenye pangaboi la pili, nalo likageuka bila chuma kugusana na chuma. Aliyewahi kuendesha gari lenye gia otomatiki amekwisha kukitumia chombo hicho, hata kama hajui.

Kampuni ya Voith ya Heidenheim ilikipeleka kwenye reli, na mwaka 1935 kikatoka V 140, kichwa kikubwa cha kwanza cha aina hiyo, chenye nguvu farasi 1,400. Baada ya vita ikafuata V 200 ya mwaka 1953, iliyokuwa na injini mbili na uzito wa tani 80 hivi, ikitoa nguvu farasi zaidi ya 2,000. Nguvu kama hiyo Waingereza waliipata kwa kichwa cha dizeli na umeme chenye uzito wa tani 133. Hapo ndipo ilipokuwa siri ya haidroliki: haibebi jenereta wala mota, na magurudumu yake yameunganishwa kwa shafti, kwa hiyo gurudumu moja haliwezi kuteleza peke yake. Nilipokuwa karakana niliujua pia upande wa pili wa sifa hiyo, kwa kuwa gurudumu moja likilika ilitubidi tuyachonge na yale yaliyounganishwa nalo hadi yalingane kipenyo, jambo ambalo halikumfurahisha fundi yeyote.

Kanda ya magharibi ya reli ya Uingereza iliupenda mfumo huu, ikaagiza vichwa vya aina kadhaa kuanzia mwaka 1958, vikiwamo 74 vya nguvu farasi 2,700 vilivyopewa jina la Western. Vya mwisho viliondolewa Februari 1977. Vilikuwa na matatizo yake, lakini kwa maoni yangu kilichoviua hasa ni uchache: shirika zima lilikuwa limechagua dizeli na umeme, na hakuna mhasibu anayependa kuweka stoo mbili za vipuri na mafundi wa namna mbili. Huko Marekani kampuni mbili zilinunua vichwa 21 vya haidroliki vya kampuni ya Kijerumani ya Krauss-Maffei katika miaka ya 1960, vikapata taabu kwenye miinuko mirefu ya milima, na kufikia mwaka 1968 vilikuwa vimestaafishwa.

Sasa nije Japani, ambayo msomaji mwenzangu hakuigusa. Kati ya mwaka 1962 na 1978 Wajapani walitengeneza vichwa 649 vya haidroliki vya aina ya DD51, vikafanya kazi kwa miongo mingi kwenye njia ya upana wa milimita 1,067, upana ule ule wa TAZARA. Vichwa vya TAZARA, vilivyotoka Qingdao, China, vilielemewa na kipande cha Mlimba hadi Makambako, ambako treni hupanda polepole kwa muda mrefu. Katika hali hiyo sehemu kubwa ya nguvu ya injini hubaki ndani ya mafuta ikiwa joto, na rejeta ya kuyapoza isipotosha, mambo huharibika. Katika miaka ya 1980 vikaanza kuletwa vya dizeli na umeme vyenye muundo wa Marekani lakini vilivyoundwa Ujerumani, nchi ile ile iliyoizaa haidroliki. Haidroliki, basi, ilifaulu palipokuwa na kiwanda na vipuri jirani, ikashindwa palipokuwa na mlima mrefu na kiwanda ng'ambo ya bahari.

Wazee wa Lindi, Nachingwea na Masasi wanaikumbuka reli ya mpango wa Waingereza wa kulima karanga, iliyofungwa mwaka 1962 na kung'olewa. Hiyo mpya, ikijengwa, haitaishia Masasi. Itapanda hadi Songea, kisha ivuke milima ya Mbinga na kuteremka Ziwa Nyasa. Kwa mwendo huo mimi nisingeshauri haidroliki kuvuta makaa ya mawe. Lakini kupanga mabehewa bandarini Mtwara, kwenye ardhi tambarare na mwendo wa kusimama na kuondoka, ni kazi ambayo kichwa kidogo cha haidroliki huifanya vizuri, na ningependa wataalamu wanaoandika kuhusu reli hii watueleze kama nacho wamekifikiria.

Fundi mitambo mstaafu,
Shangani, Mtwara