Swahiba, `this` humfuata anayeita

Chumbageni, Tanga

Swahiba wangu,

Salaam aleikum. Huku sote wazima, hofu ni kwenu Bagamoyo. Barua yako ya kuuliza kwa nini programu yako inaanguka nimeipata, na kodi (maandishi ya programu) ya mfumo wako wa kuuza nafasi za msafara wa Kaole nimeisoma hadi mwisho. Hesabu zako ni sahihi, hifadhidata haina kosa, na mtandao wa simu usiulaumu. Tatizo liko hapa:

`malipo.subiri(mgeni, this.thibitisha)`

Hapo umeitoa funksheni `thibitisha` (kipande cha kodi kinachoitwa kwa jina) peke yake, bila mwenyewe. Kwa kuwa imeandikwa ndani ya klasi (kiolezo cha kuundia objekti) ya Msafara, umeamini kwamba `this`, neno linaloitaja objekti ambayo funksheni inaifanyia kazi, itakuwa ni msafara siku zote. Katika JavaScript, lugha uliyoandikia, sivyo. `this` ya funksheni ya kawaida haitokani na mahali ilipoandikwa, bali na jinsi inavyoitwa. Ukiandika `msafara.thibitisha()`, kilicho kabla ya nukta ndicho `this`. Ukiikabidhi kama kolibaki, yaani funksheni unayompa mwingine aiite baadaye, ile nukta haiendi nayo, na atakayeiita baadaye hana habari na msafara wako. Ni mshenga aliyefika ukweni, akaulizwa katumwa na nani, akamtaja aliyemfungulia mlango.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo watu wengi wanapopotea: jibu la mshenga hubadilika kulingana na mlango. Maktaba yako ya malipo inaiita kolibaki moja kwa moja, bila objekti yoyote, na kodi iliyo ndani ya klasi huendeshwa kwa utaratibu mkali (strict mode), usioweka `this` ya badala, kwa hiyo `this` inakuwa `undefined` na programu inaanguka pale pale. Shukuru, kwa sababu umeliona kosa. Lakini kule chini umeandika `setTimeout(this.rudishaNafasi, 60000)`. Katika Node.js, programu inayoendesha JavaScript yako kwenye seva, `this` ya kolibaki hiyo ni objekti ya Timeout, yaani saa yenyewe. Unapoiambia `this.zilizobaki += 1`, Timeout haina sifa hiyo, basi inaandikiwa `NaN` (yaani "si namba") kimyakimya. Hakuna kosa linalotokea, ila nafasi ya mgeni asiyelipa hairudi kamwe.

Na kwenye `seva.on('request', this.pokea)`, `this` ni seva. Hilo ni kusudi la waliounda Node.js: msikilizaji, yaani funksheni inayosubiri tukio, hupewa objekti iliyotoa tukio hilo kuwa `this`. Wewe una sifa yako uliyoiita `timeout`, na seva ya HTTP nayo ina sifa yenye jina hilo hilo. Utasoma ya seva ukidhani ni yako.

Dawa ninayoipenda ni funksheni ya mshale, iliyoingia kwenye lugha mwaka 2015. Haina `this` yake. Huchukua ile ya mahali ilipoandikwa, aiite nani aiitaye:

`malipo.subiri(mgeni, (kosa, jibu) => this.thibitisha(kosa, jibu))`

Kabla yake watu waliandika `var self = this` kila mahali, au `bind`, inayoifungia funksheni `this` unayoitaka. `bind` bado ni nzuri, ila kila ukiiita inazaa funksheni mpya. Ukisajili msikilizaji kwa `this.pokea.bind(this)` kisha ukamwondoa kwa maneno hayo hayo, hutakuwa umemwondoa. Ifunge mara moja kwenye konstrakta (sehemu ya klasi inayoendeshwa objekti inapoundwa), uihifadhi, uitumie hiyo hiyo kusajili na kuondoa.

Limebaki lile ulilosema umeshauriwa: kuachana na `this`, mgeni awekwe kwenye kigezo (variable) kimoja juu ya faili, ili kila kolibaki imwone. Nakuomba sana usifanye hivyo. Node.js huendesha kodi yako kwenye uzi mmoja, yaani jambo moja kwa wakati mmoja, na kila unapongoja malipo, uzi huo unakwenda kumhudumia mgeni mwingine. Mama wa Dar es Salaam akiwa bado anaweka namba yake ya siri, kijana wa Ujerumani anaingia, kigezo kinaandikwa upya, na malipo ya mama yanapothibitishwa risiti inatoka kwa jina la kijana. Ukijaribu peke yako kwenye kompyuta yako hutaliona kamwe. Hizi ni fedha za watu na namba zao za simu, swahiba. Mgeni apitishwe kama hoja (thamani inayopewa funksheni inapoitwa), au abaki kwenye kigezo cha ndani ya funksheni iliyompokea. Funksheni zilizoandikwa humo zitamkumbuka hata baada ya kungoja, kila ombi na wake.

Ikiwa unataka namba ya ombi ionekane kwenye kila mstari wa kumbukumbu (log) za seva bila kuipitisha mkono kwa mkono, Node.js ina `AsyncLocalStorage` tangu 2020. Unaifungua ombi linapoingia, na kila kinachozaliwa na ombi hilo, hata baada ya `await` (neno la kungoja jibu), kinasoma thamani yake yenyewe. Itumie kwa kumbukumbu tu. Hesabu ya nafasi iache kwenye hifadhidata.

Ukimaliza kurekebisha, fungua simu mbili, lipia nafasi kwa zote mbili kwa pamoja, moja uicheleweshe kwenye namba ya siri. Kisha nitumie kumbukumbu za seva nizisome, pamoja na ile sehemu ya kuondoa wasikilizaji ambayo hukuiambatanisha.

Nisalimie mama na wadogo zako wote.

Wasalaam,
Swahiba wako wa Tanga