Mwakilishi wa St. Paul si mbunge wa Washington

Ndugu Mhariri,

Tupe nafasi kidogo tusahihishe maneno mawili ambayo gazeti lako, na mengine mengi ya Afrika Mashariki, huyatumia kila mwenzetu anaposhinda uchaguzi Marekani: "mbunge wa jimbo". Kwa msomaji wa Morogoro au Geita, jimbo ni eneo la uchaguzi, kama Jimbo la Ubungo au Jimbo la Vunjo. Akisoma "mbunge wa jimbo la Minnesota" anaelewa mtu aliyetumwa na watu wa Minnesota kwenda kukaa bungeni Washington. Mwandishi alimaanisha kitu kingine kabisa, yaani mjumbe wa Bunge la Minnesota lenyewe, linalokaa mjini St. Paul na kutunga sheria za Minnesota tu.

Wazanzibari hawana tabu hii. Wana mbunge anayekwenda Dodoma na mwakilishi anayekwenda Chukwani, na hakuna anayewachanganya. Tunashauri neno hilo hilo, mwakilishi, litumike pia kwa mabunge ya majimbo ya Marekani. Yako 50, na wajumbe wake wote kwa pamoja ni zaidi ya 7,300. Kongresi ya Washington ina 535.

Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya aliyeshinda kiti cha eneo la 38A katika Bunge la Minnesota Novemba 2024, ni mwakilishi wa aina hiyo. Ilhan Omar, aliyepata kuishi kambini Kenya akiwa mkimbizi, alianzia huko huko St. Paul 2017 na kuingia Kongresi 2019. Kumwomba mwakilishi wa St. Paul viza, ukimbizi au uraia ni kubisha mlango wa jirani, maana mambo hayo yote ni ya serikali kuu. Mwombe kuhusu leseni ya udereva, leseni ya unesi, shule, barabara, bima ya afya ya wenye kipato kidogo, au viwango vinavyolipwa kampuni za kuhudumia wazee na walemavu majumbani. Hayo ya mwisho yanawagusa Waafrika Mashariki wengi wa huku kuliko hotuba yoyote ya Washington.

Watu wengine hudhani ni kazi ya fedha. New Hampshire ina baraza la wawakilishi 400, na kila mmoja hupata dola 100 kwa mwaka, kiwango kilichowekwa na katiba yao mwaka 1889. Texas hulipa dola 7,200 kwa mwaka, na bunge lake hukutana siku 140 mara moja kila miaka miwili. New York hulipa dola 142,000. Minnesota iko katikati, dola 50,000 na ushei, bila mkopo wa gari na bila chochote kinachofanana na Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo au CDF ya Kenya. Kikao huanza Januari au Februari na lazima kiishe Mei. Ndiyo maana wengi wana kazi nyingine: ualimu, uwakili, ukulima, biashara. Mwajiri asiyekubali kukuacha miezi mitano amekwisha kukuondoa kwenye siasa kabla hata hujachukua fomu.

Na fomu yenyewe ni rahisi. Ada ni dola 100, inalipwa katika wiki mbili za kuanzia nusu ya pili ya Mei. Uwe na miaka 21, uwe na sifa ya kupiga kura, umekaa Minnesota mwaka mmoja na katika eneo lako la uchaguzi miezi sita. Sharti hilo la miezi sita si la kuchezea. Mshindi wa kiti cha 40B mwaka 2024 alikipoteza mahakamani baada ya kuonekana kwamba hakuwa akiishi katika eneo lile. Kukodi chumba hakukutosha, mpinzani alikwenda kuangalia kama kuna mtu anakaa. Kwa sababu ya kiti hicho kimoja, Baraza la Wawakilishi, lililogawanyika Demokrati 67 kwa Republican 67, lilianza 2025 kwa mgomo wa wiki kadhaa.

Ugumu uko kabla na baada ya fomu. Mapema katika mwaka wa uchaguzi kuna mikutano ya kata ambako wanachama huchagua wajumbe, wajumbe hao huenda kwenye mkutano wa eneo, na chama humuidhinisha anayefikisha asilimia 60. Asiyeridhika huenda kwenye kura za maoni, Jumanne ya pili ya Agosti. Maeneo mengi yana chama kimoja chenye nguvu, hivyo Agosti ndiyo siku ya hukumu na Novemba ni kukamilisha tu. Omar alimshinda Phyllis Kahn kwenye kura za maoni za 2016. Kahn alikuwa bungeni tangu 1973.

Eneo la mwakilishi lina watu kama 42,600. Kwa idadi hiyo mkutano wa hadhara wenye spika na kanga hausaidii. Kinachosaidia ni kugonga milango, Juni hadi Oktoba, ukiwa na orodha ya wapiga kura na nyumba uliyokosa mtu ukiandika urudi lini. Wagombea wetu wengi huanguka hapa. Hujaza ukumbi wa harusi watu wa nyumbani, nusu yao si raia na robo wanaishi eneo jingine.

Tuseme ameshinda na anataka wahudumu wa majumbani waongezwe malipo. Hatua ya kwanza ni ofisi ya waandishi wa sheria wa Bunge, ambao huandika muswada kwa lugha yake. Barazani unapewa nambari inayoanza na HF. Lazima apate seneta wa kuwasilisha pacha wake, wenye nambari ya SF, la sivyo muswada utavuka barazani usikute wa kuupokea. Kisha anamwomba mwenyekiti wa kamati aupangie siku. Mwenyekiti halazimiki kuupanga, na miswada mingi hufia hapo bila kelele. Ukipangwa, kamati itaomba mchanganuo wa gharama kutoka serikalini. Mchanganuo ukichelewa, tarehe ya mwisho ya kamati inapita, na muswada unangoja mwaka mwingine.

Ukipona hapo bado mwenyekiti haupigishi kura. Hutamka kwamba "umewekwa kando, huenda ukaingizwa". Wageni hudhani umekufa. La, umewekwa foleni. Mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi hutoka makadirio ya mapato. Viongozi wa vyama huipa kila kamati kikomo cha fedha, na mwenyekiti hukusanya vipande vya miswada mingi kuwa muswada mmoja mnene, mara nyingi wa mamia ya kurasa. Kipande cha mwakilishi wetu kikiingia humo, ameshinda, hata kama jina lake halionekani popote kwenye jalada. Anayehukumiwa kwa idadi ya miswada "yake" iliyopita anaonewa.

Kura zinazotakiwa ni 68 barazani na 34 kwenye seneti, si wingi wa waliohudhuria. Asiyekuwepo ni sawa na aliyesema hapana. Muswada wa mikopo ya majengo, ambao ndio njia ya kupata daraja au ukumbi wa chuo, unataka 81 na 41. Ndiyo maana hakuna chama kinachoupitisha peke yake.

Kwa mgawanyo wa 67 kwa 67, kila kitu mwaka 2025 kilihitaji angalau kura moja ya upande wa pili. Kikao cha kawaida kiliisha Mei bajeti haijakamilika, ikabidi waitwe kikao maalumu Juni 9. Sehemu ya makubaliano ilikuwa kuwaondoa watu wazima wasio na vibali vya kuishi nchini kwenye MinnesotaCare, bima ya afya ya Minnesota kwa wenye kipato kidogo, kuanzia Januari 2026. Barazani ilipita kwa 68 dhidi ya 65, na kura ya pekee ya upande wa Demokrati ilitoka kwa kiongozi wao, Melissa Hortman. Alisema wazi kwamba inamuuma, lakini bila kura hiyo serikali ingekosa bajeti Julai 1. Mtu akiuliza kama siasa za St. Paul zinamhusu mhamiaji, amuulize aliyekuwa na kadi ya bima ile.

Hortman mwenyewe ni mfano mzuri wa safari ya kazi hii. Alishindwa 1998, akashindwa tena 2002, akapita 2004, na ilimchukua miaka 14 bungeni kufika kiti cha spika mwaka 2019. Juni 14, 2025 aliuawa pamoja na mumewe nyumbani kwao Brooklyn Park. Wawakilishi wa aina hii hawana walinzi.

Barack Obama naye anasahaulika kwamba alikaa katika Seneti ya Illinois, mjini Springfield, kuanzia 1997 hadi 2004. Miaka sita ya kwanza chama chake kilikuwa cha wachache, na miswada yake mingi ilikufa. Demokrati walipochukua seneti 2003 akapewa uenyekiti wa kamati ya afya na huduma za jamii, na mwaka huo huo ikapita sheria aliyoisimamia ya kurekodi kwa video mahojiano ya washukiwa wa mauaji. Alikuwa mtu yule yule. Kilichobadilika ni nani alipanga ratiba ya kamati.

Novemba 3, 2026 viti vyote 201 vya Minnesota vinagombewa, 134 vya wawakilishi na 67 vya maseneta, na bila shaka majina ya kwetu yatakuwemo. Kwa mwandishi wako atakayepewa habari hizo: kila eneo la seneta limekatwa vipande viwili, A na B, na kila kipande kina mwakilishi wake. Akiona nambari yenye herufi nyuma yake, kama 38A, ajue huyo ni mwakilishi wa St. Paul.

Wasomaji wako,
Brooklyn Park, Minnesota