Walimu wa kompyuta wasitenganishe mifumo

Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe wanaofundisha usimamizi wa kompyuta kwamba kuzigawa amri za maandishi, za Windows huku na za Linux kule, kumepitwa na wakati, kwa kuwa PowerShell, programu ya amri ya Microsoft, inatumika pia katika Linux na macOS (mfumo wa kompyuta za Apple) tangu 2016, na Windows 10 iliongezewa OpenSSH, programu ya kuingia katika kompyuta nyingine kupitia mtandao, mwaka 2018, hivyo fundi anaweza kuziendesha mashine zote akiwa mbele ya moja tu. Muda wa darasa uende kwenye tofauti ndogo ndogo, ambazo ndizo zenye kusumbua: amri ya sed -i, inayohariri faili papo hapo katika Linux, katika macOS hudai kwanza itajwe tamati ya jina la nakala ya akiba, hata kama ni tupu.

Msomaji wako