Kivuli sio giza jamani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nitoe dukuduku langu kuhusu begonia, maana kila nikimuuliza mtu ua lako limekufaje jibu ni lile lile, aah niliambiwa ni ua la kivuli nikaliweka kule mwisho wa korido nikawa namwagilia kila siku. Sasa hapo umeliua mara mbili, umelinyima mwanga halafu umelizamisha.

Kivuli kinachosemwa ni kile cha chini ya mti, mwanga unapita unachujwa na majani, maana begonia nyingi asili yake ni misitu ya nchi za joto. Kipimo changu ni hiki, kama pale ulipoliweka huwezi kusoma gazeti hili mchana bila kuwasha taa basi hapafai. Litarefuka jembamba likitafuta dirisha na maua utayasikia kwa wenzio. Jua la asubuhi halina neno, la saa saba ndo linababua majani.

Kwenye maji ndo kuna msiba wenyewe. Begonia iliyozidishiwa maji inanyauka sawasawa na yenye kiu, kwasababu mizizi ikishaoza haiwezi tena kunywa, sasa mtu anaona imelegea anaongeza kopo lingine, kwisha habari yake. Mimi nimeua 3 hivyo hivyo kabla sijashtuka. Siku hizi nachomeka kidole kwenye udongo, nikikuta unyevu naondoka zangu. Chungu kiwe na matundu chini, na usiipe mmea mdogo chungu kikubwa eti itakua haraka, ule udongo wa ziada unakaa na maji tu. Na majani msiyanyunyizie, yakilala na maji kwenye hewa nzito unaalika ukungu.

Halafu begonia sio moja, aina za asili zimepita 2,000. Kuna zile zenye kiazi chini, majani yanakauka yote zinalala, watu wanajua imekufa wanatupa, kumbe ungepunguza maji ukasubiri ingechipua. Na zile za majani ya rangi rangi, unachukua jani moja unakata mishipa yake kwa nyuma, unalilaza juu ya mchanga wenye unyevu, baada ya wiki kadhaa vimiche vinatoka palepale ulipokata (mara ya kwanza nilimwita kila mtu nyumbani aje aone).

Mwenye paka au mbwa anayetafuna tafuna aziweke juu, zina sumu kwao, hasa kwenye viazi.

Ombi langu kwenu Mhariri, mkiandika tena habari za maua ya ndani msiishie kusema "kivuli" halafu basi, semeni liwe hatua ngapi kutoka dirishani.

Ni mimi msomaji wenu, mpenda maua.