Mhariri, Jua halitalipuka

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nirekebishe jambo moja. Wiki iliyopita gazeti lako lilitoa habari fupi yenye kichwa kikubwa, "Jua kulipuka". Mwandishi alieleza kwamba Jua ni mpira wa moto unaoungua, kwamba moto huo unaelekea kwisha, na kwamba ukiisha Jua litapasuka na kutumaliza sote. Karakanani kwetu gazeti lile lilipita mikono yote kabla ya saa nne asubuhi. Kijana mmoja ninayemfundisha kazi alilikunja, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Fundi, hii ni kweli?" Nilimjibu palepale kwamba si kweli. Lakini aliyeisoma nyumbani bila mtu wa kumuuliza amebaki na hofu yake, na huyo ndiye ninayemwandikia.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Elimu ya nyota sikuisomea chuoni. Nimejisomea mwenyewe kwa miaka mingi, na kazi yangu ndiyo iliyonivuta huko. Anayeshinda na chuma cha moto hujifunza kusoma joto kwa macho. Chuma kikianza kuiva huwa chekundu cha kufifia, hapo ni nyuzi 600 hivi za Selsiasi. Kikiongezwa moto hugeuka rangi ya chungwa, karibu nyuzi 1,000. Kikifika 1,300 kinaelekea weupe, na kikivuka 1,538 kinayeyuka. Nyota nazo husomeka vivyo hivyo. Tazama kundi la Jabari, au Orion, usiku usio na mawingu. Begani iko nyota nyekundu, Betelgeuse, na mguuni iko Rigel, nyeupe yenye kuelekea bluu. Uso wa Betelgeuse una joto la nyuzi 3,300 hivi, na wa Rigel karibu 12,000. Jua letu liko katikati yao, nyuzi 5,500. Tofauti hiyo utaiona bila darubini.

Nianze na huo moto. Jua haliungui kama kuni au makaa. Wataalamu wa karne ya 19 walishapiga hesabu: lingekuwa rundo la makaa ya mawe linaloungua, lingekwisha kwa miaka elfu chache tu. Jua lina miaka bilioni 4.6. Mwaka 1920 mwanaastronomia Arthur Eddington wa Uingereza alipendekeza kwamba nguvu yake hutokana na atomi za hidrojeni kuungana na kuwa heli. Miaka mitano baadaye Cecilia Payne, akiwa na umri wa miaka 25, alionyesha katika tasnifu yake kwamba nyota kwa sehemu kubwa kabisa ni hidrojeni na heli. Henry Norris Russell, bingwa wa fani hiyo wakati ule, akamwambia jambo hilo haliwezekani, na Payne akalazimika kuandika kwamba huenda matokeo yake si ya kweli. Mwaka 1929 Russell mwenyewe alikubali kwamba Payne alikuwa sahihi. Kila nikifikia habari hii naumia kwa ajili yake.

Kiini cha Jua kina joto la nyuzi milioni 15. Kila sekunde, tani milioni 600 hivi za hidrojeni hugeuka kuwa heli, na katika hizo tani zipatazo milioni 4 hugeuka nishati. Ukizisikia hesabu hizi unadhani ni mlipuko, kumbe ni kazi ya taratibu mno. Protoni moja, yaani moyo wa atomi ya hidrojeni, mle kiinini husubiri kwa wastani mabilioni ya miaka kabla haijaungana na mwenzake. Ni kwamba protoni zenyewe ni nyingi kupita kiasi.

Tena Jua hujirekebisha lenyewe. Kiini kikipata joto la ziada hutanuka. Kikitanuka hupoa, na muungano wa atomi hupungua. Kikipoa mno, uzito wa tabaka zote zilizo juu yake hukibana, joto likapanda tena. Mvutano unabana kuelekea ndani, joto linasukuma kwenda nje, na mizani hiyo ndiyo imelishika Jua miaka yote hii. Mwandishi wako angeijua mizani hii asingeandika alivyoandika.

Ni kweli kwamba hidrojeni ya kiinini itakwisha, na hapo pia hakutakuwa na mlipuko. Jua linang'aa zaidi kidogo kidogo, kama asilimia 10 kwa kila miaka bilioni moja, na bahari zetu zitakauka kwa joto muda mrefu kabla Jua halijaanza kuzeeka. Miaka bilioni 5 hivi kutoka sasa kiini kitajikunja, tabaka za nje zitavimba, na Jua litakuwa jitu jekundu lenye upana zaidi ya mara 200 ya sasa. Utaridi na Zuhura zitamezwa. Kuhusu Dunia wataalamu bado wanabishana. Kiini kitakapofika nyuzi milioni 100, heli itaanza kuungana kuwa kaboni na oksijeni. Na safari itaishia hapo, kwa sababu ili kaboni iungane kuwa elementi nzito zaidi panahitajika joto la mamia ya mamilioni ya nyuzi, na Jua halina uzito wa kukibana kiini chake hadi kifike huko. Tabaka za nje zitapeperuka polepole angani. Kitakachobaki ni kibete cheupe, chenye ukubwa kama wa Dunia na karibu nusu ya uzito wa Jua la leo, kikipoa kwa mabilioni ya miaka. Vibete vya namna hiyo viko vingi. Kimoja kinaizunguka Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote usiku, nacho kiligunduliwa mwaka 1862.

Mhariri, jambo ambalo ningependa lichapishwe kwa herufi nzito ni kwamba mwisho wa nyota huamuliwa na uzito iliozaliwa nao. Nyota ndogo nyekundu hutumia hidrojeni yake kwa ubahili kiasi kwamba hakuna hata moja iliyowahi kufa kwa uzee tangu ulimwengu uanze, miaka bilioni 13.8 iliyopita. Nyota yenye uzito wa Jua mara 20 hufuja yake yote kwa miaka takriban milioni 10. Mpaka wa kulipuka kwa kiini kuporomoka ni kama mara nane ya uzito wa Jua. Jua letu liko mbali na mpaka huo, na hakuna namna ya kuufikia.

Hizo nyota nzito ndizo zinazonigusa zaidi, kwa sababu kinachoziua ni chuma. Kiini chake hubanwa na kupata joto hatua kwa hatua: heli inakuwa kaboni, kaboni inakuwa neoni, zinafuata oksijeni na silikoni, na kila hatua ni fupi kuliko iliyotangulia. Katika nyota yenye uzito wa Jua mara 25, silikoni huisha kwa siku moja hivi. Zao lake ni chuma, na chuma kikiungana hakitoi nishati bali hula nishati. Kwa hiyo panajengeka kiini cha chuma kisichosukuma chochote kwenda nje, huku uzito wa nyota nzima ukikibana kutoka juu. Kinapokaribia uzito wa Jua mara 1.4 kinashindwa kujibeba. Kiini kikubwa kama Dunia huporomoka kwa muda usiofika sekunde moja na kuwa tufe la nyutroni lenye upana wa kilomita 20 hivi, au shimo jeusi, na sehemu iliyobaki ya nyota hurushwa nje. Hiyo ndiyo supanova.

Ile 1.4, ambayo ni kikomo cha kibete cheupe pia, ina historia inayostahili kujulikana. Mwaka 1930 kijana wa miaka 19 kutoka India, Subrahmanyan Chandrasekhar, alipanda meli kwenda Uingereza kusoma, na akiwa safarini akapiga hesabu ya uzito ambao kibete cheupe kinaweza kuubeba. Mwaka 1935 Eddington, yuleyule niliyemtaja, aliikejeli hesabu hiyo mbele ya mkutano wa wanaastronomia. Chandrasekhar alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1983, na kikomo kile leo kinaitwa kwa jina lake.

Wala haya si maneno ya vitabuni tu. Tarehe 23 Februari 1987 mwanga wa nyota iliyolipuka katika Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu, umbali ambao mwanga huusafiri kwa miaka 168,000, ulifika duniani. Mlipuko ule ulionekana kwa macho matupu. Saa chache kabla ya mwanga wenyewe kuonekana, vyombo vilivyofukiwa chini ya ardhi Japani, Marekani na Urusi ya Kisovieti vilinasa nyutrino zipatazo 25, chembe zilizochomoka wakati kiini kikiporomoka. Nyota iliyolipuka ilikadiriwa kuwa na uzito wa Jua mara 20 hivi. Hesabu zilizoandikwa miaka mingi kabla zilikuwa zimetabiri nyutrino hizo, na zikaja.

Nakiri hata kibete cheupe kinaweza kulipuka, lakini hadi kiwe na nyota jirani ya kukiongezea uzito, na Jua halina mwenzi. Milipuko ya vibete hivyo ndiyo iliyotoa sehemu kubwa ya chuma kilichopo ulimwenguni. Kwa hiyo bamba ninalolikata leo lilipikwa ndani ya nyota zilizokufa kabla Jua halijazaliwa, na hata chuma kilicho kwenye damu ya mkono unaolishika. Nilipomweleza yule kijana haya, alizima mashine akalishika lile bamba kwa muda, asiseme kitu.

Nadhani najua kosa lilikoanzia. Juani hutokea milipuko ya usoni, inayorusha gesi yenye sumaku angani. Mwanaastronomia Richard Carrington wa Uingereza aliuona mmoja tarehe 1 Septemba 1859, na muda mfupi baadaye mitambo ya telegrafu, simu za maandishi za waya, ikavurugika. Machi 1989 dhoruba ya aina hiyo ilizima umeme jimbo zima la Quebec, Kanada, kwa saa tisa hivi. Mei 2024 nyingine kubwa ilitupiga. Hizo ni habari za kweli na zinafaa kuandikwa, maana zinagusa umeme, setilaiti na mawasiliano. Lakini mlipuko juu ya uso wa Jua ni jambo moja, na Jua kulipuka ni jambo jingine kabisa. Nyuma kidogo, mwishoni mwa mwaka 2019, Betelgeuse ilipofifia, magazeti mengi yalitangaza kwamba inalipuka wiki ile. Ilikuwa imejifunika vumbi ililolitoa yenyewe. Siku moja italipuka kweli, pengine baada ya miaka elfu nyingi, nayo iko mbali mno kutudhuru.

Ombi langu ni kwamba mchapishe marekebisho mahali palepale habari ile ilipotokea, si kwenye kona ya ukurasa wa ndani. Mwalimu yeyote wa fizikia wa sekondari angeisoma rasimu ile kwa dakika tano na kuwaonyesha kosa.

Na ile picha mliyoambatanisha, ya kijana anayelitazama Jua kwa miwani ya kawaida ya giza, tafadhali msiirudie. Mei 2024 kulikuwa na kundi la madoa meusi kwenye uso wa Jua lenye upana wa Dunia kama 15 zikipangwa mstari, nami niliwaonyesha vijana wangu: kidoa cheusi kimoja, kidogo lakini wazi, pembeni mwa Jua. Tulitumia kioo cha kuchomelea namba 14. Namba 10, iliyo kwenye barakoa nyingi za kazi, haitoshi, na miwani ya giza haikingi kabisa. Sehemu ya ndani ya jicho inayoungua haina hisia ya maumivu, hivyo mtu huumia bila kujua hadi saa kadhaa baadaye anapokuta doa katikati ya kila anachokitazama.

Msomaji wenu,
Fundi wa kuchomelea vyuma